Kumpa Shujaa Sura Mpya: Hesabu za Picha katika Michezo ya Kompyuta ya Mkononi

Fundi cherehani apokeapo koti kuukuu la kurekebishwa, kwanza huligeuza ndani nje. Hatii mkasi mpaka ameutazama mshono na kujua koti lilikatwaje. Tangu miaka ya 1990 wamekuwapo watu katika nchi mbalimbali, wengi wao vijana wasiolipwa chochote, ambao huifanyia kazi kama hiyo michezo ya zamani ya kompyuta ya mkononi. Huigeuza ndani nje, wakaona ilivyoshonwa, kisha wakawapa wahusika wake sura nyingine. Shujaa mvulana hugeuzwa msichana, mwenye ngozi nyeupe hupewa ngozi nyeusi, na kofia ya kigeni hupisha kilemba.

Kwa mtu mzima, jambo hili laweza kuonekana la kitoto. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba ndani yake mna hesabu safi, mna ufundi wa kompyuta, mna sheria, na juu ya yote mna swali zito: ni nani mwenye uwezo wa kuamua shujaa afanane na nani?

Chombo chenyewe

Mfano wetu utakuwa Game Boy, chombo kilichotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani tarehe 21 Aprili 1989. Aliyesimamia uundaji wake alikuwa mhandisi Gunpei Yokoi, ambaye tangu mwaka 1980 alikwisha kubuni michezo midogo ya mfukoni iliyoitwa Game & Watch. Yokoi, aliyefariki mwaka 1997, alishikilia kwamba kitu kipya na kizuri chaweza kuundwa kwa teknolojia iliyokwisha kuzeeka, ambayo bei yake imeshuka na tabia zake zimejulikana, mradi itumiwe kwa namna ambayo wengine hawakuifikiria.

Game Boy kilikuwa mfano halisi wa imani hiyo. Wakati washindani wake walitoa vyombo vya mkononi vyenye rangi na taa ndani ya kioo, chenyewe kilikuwa na kioo cha kijani kilichofifia, chenye vivuli vinne tu na bila taa. Lakini kilikuwa rahisi, kilistahimili kuangushwa, na betri zake nne ndogo zilidumu kwa saa nyingi. Kikihesabiwa pamoja na mrithi wake, Game Boy Color wa mwaka 1998, vyombo hivyo viliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani. Mchezo wenyewe ulikuwa ndani ya kijisanduku cha plastiki kilichochomekwa mgongoni, ambacho vijana wetu wamezoea kukiita kaseti.

Picha ni hesabu

Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa urefu, yaani nukta 23,040. Kila nukta yaweza kuwa na kimoja kati ya vivuli vinne, na ili kuchagua kimoja kati ya vinne zahitajika biti mbili. Biti, msomaji atakumbuka, ndiyo tarakimu ndogo kabisa ya kompyuta, ambayo huwa ama 0 au 1. Na biti nane hufanya baiti moja. Kama picha nzima ingewekwa nukta kwa nukta, zingehitajika biti 46,080, au baiti 5,760. Lakini kumbukumbu yote ya picha katika chombo hiki ni baiti 8,192, na kioo huchorwa upya takriban mara 60 kwa sekunde. Prosesa yake, yenye mapigo kama milioni nne kwa sekunde, isingemudu kuandika upya nukta zote hizo kila mara.

Wahandisi walitatua jambo hili kwa mbinu ambayo kila asukaye mkeka ataitambua. Msusi hauoni mkeka kama nyuzi elfu moja zisizohusiana. Huliona pambo moja dogo, kisha hulirudia. Vivyo hivyo, picha ya Game Boy hujengwa kwa vigae. Kila kigae ni mraba wa nukta nane kwa nane. Nukta 64, kila moja ikiwa na biti mbili, ni biti 128, yaani baiti 16. Kioo kizima hujaa kwa vigae 20 kwa upana na 18 kwa urefu. Kigae cha majani huchorwa mara moja tu, kisha chombo huambiwa kwa namba mahali pa kukitandaza. Katika zile baiti 8,192, baiti 6,144 hubeba vigae 384, na 2,048 zinazobaki hubeba ramani mbili za kuonyesha kila kigae kikae wapi.

Tutazame mstari mmoja wa kigae ili jambo hili lieleweke. Mstari una nukta nane na huandikwa kwa baiti mbili. Tuseme baiti ya kwanza ni 00011000 na ya pili ni 00111100. Tuziweke moja juu ya nyingine na kusoma nguzo kwa nguzo, tukihesabu kwamba 1 ya baiti ya kwanza ina thamani ya moja, na 1 ya baiti ya pili ina thamani ya mbili. Tutapata namba 0, 0, 2, 3, 3, 2, 0, 0. Ikiwa 0 ni kivuli cheupe na 3 ni cheusi, tumechora utosi wa kichwa: nywele nyeusi katikati, ukingo wa kijivu pande mbili, na weupe nje. Katika hesabu yetu ya kawaida, baiti hizo mbili ni 24 na 60. Anayezibadili namba hizo amebadili nywele za shujaa.

Shujaa wa baiti 384

Mandhari hutandazwa kwa vigae vilivyotulia, lakini mhusika hana budi kutembea. Kwa ajili hiyo chombo kina picha za aina ya pili, ambazo tutaziita vikaragosi. Kikaragosi huelea juu ya mandhari, na kukisogeza ni kubadili namba mbili tu: umbali wake kutoka juu na umbali wake kutoka kushoto. Chombo chaweza kuonyesha vikaragosi 40 kwa wakati mmoja, na visizidi 10 katika mstari mmoja.

Tuchukue mchezo wa Pokémon Red, ambao toleo lake la kwanza lilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Shujaa wake, mvulana mwenye kofia, ana nukta 16 kwa 16 anapotembea, nazo ni vigae vinne. Amechorwa katika hali sita: akisimama na akipiga hatua, akitazama mbele, nyuma na kushoto. Anapogeuka kulia hachorwi upya. Chombo huigeuza ile picha ya kushoto kama katika kioo cha kujitazamia. Vigae vinne mara sita ni vigae 24, na vigae 24 mara baiti 16 ni baiti 384. Kaseti ya toleo la kimataifa ina baiti 1,048,576. Kwa hiyo yule ambaye mamilioni ya watoto waliishi naye kwa miezi mingi, anayeonekana karibu kila dakika ya mchezo, ni sehemu moja tu kati ya 2,730 ya kaseti nzima.

Kazi ya mbadilishaji basi huenda hivi. Kwanza hupata nakala ya yaliyomo katika kaseti yake, kama faili ya kompyuta. Hulifungua faili hilo kwa programu inayoonyesha baiti kama vigae, na kuperuzi ukungu wa nukta zisizo na maana mpaka ghafla uso utokeze. Huuchora upya nukta kwa nukta, huhifadhi, kisha huujaribu mchezo katika programu ya kuiga tabia za chombo kile cha zamani. Chombo chenyewe, kinapowashwa, hukagua alama ya kampuni na maelezo mengine yaliyo mwanzoni mwa kaseti, na yasipokuwa sawasawa hukataa kuendelea. Lakini hakikagui picha. Kwa upande wa mashine, mlango huo haujapata kufungwa.

Yafaa ieleweke kwamba si picha zote zilizo nyepesi kubadilishwa. Picha kubwa zionekanazo wakati wa mapambano zimebanwa kwa kanuni ya hesabu ili zichukue nafasi ndogo. Picha iliyo sahili hubanika sana. Yenye mapambo mengi hubanika kidogo. Mtu akimchorea shujaa nywele za kusuka zenye mistari mingi, huenda picha mpya ikazidi nafasi ya ile ya zamani na kufunika baiti za jirani, na mchezo ukaharibika. Hapo hapana budi kuihamishia mahali palipo wazi na kuirekebisha anwani yake.

Maneno nayo yana matatizo yake. Katika maandishi ya Kiingereza, kiwakilishi cha mwanamume kina herufi mbili na cha mwanamke kina tatu. Herufi moja inayozidi husukuma zote zinazofuata, kwa hiyo anayemgeuza shujaa kuwa msichana hulazimika kupitia mazungumzo yote ya mchezo. Kiswahili kingemwokoa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwani "yeye" wetu hana jinsia, na kiambishi cha "anakwenda" humtosha kaka na dada.

Hesabu na rangi ya ngozi

Sasa tumefika mahali ambapo ufundi na maisha ya watu hukutana. Tumesema kuna vivuli vinne. Lakini kwa kikaragosi, namba 0 haichorwi kabisa. Huachwa tupu ili mandhari yaonekane, la sivyo kila mhusika angetembea ndani ya mraba mweupe. Hivyo mchoraji hubakiwa na vivuli vitatu. Kwa desturi kimoja, kilicho cheusi, kilitumika kwa mistari ya nje, macho na nywele. Cha kati kilitumika kwa mavazi. Na kilicho cheupe kilipewa uso.

Mtu aweza kusema kwamba huko hakukuwa na ubaguzi bali hesabu tu. Ni kweli kwamba uso mdogo uliojazwa kivuli cheusi huyameza macho yaliyochorwa kwa kivuli hichohicho. Lakini hesabu haikusema kwamba kivuli cha kati ni cha shati na si cha uso. Hilo liliamuliwa na mchoraji, na mchoraji huanza na sura anazozijua. Wabadilishaji wamethibitisha jambo hili kwa vitendo. Huupa uso kivuli cha kati, hulipa shati kivuli cheupe, na huacha nukta moja nyeupe kando ya jicho ili jicho lionekane. Baiti ni zilezile 384, na kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni uamuzi.

Ujio wa Game Boy Color ulileta ugumu wa namna nyingine. Rangi katika chombo hicho huandikwa kwa biti 15: tano za nyekundu, tano za kijani na tano za buluu. Kila moja ina viwango 32, na 32 mara 32 mara 32 ni rangi 32,768. Hata hivyo, kikaragosi hakichagui rangi kokote katika wingi huo. Huchagua moja kati ya orodha nane, na kila orodha ina rangi tatu zinazoonekana. Kwa kuwa orodha moja hutumiwa na vitu vingi, anayeibadili rangi ya ngozi katika orodha hiyo hugundua kwamba amewabadili wapita njia na pengine mawe na matunda pia. Ustadi ni kutafuta orodha ambayo haitumiki wakati huo na kumhamishia shujaa huko.

Je, jambo hili lina uzito wowote? Historia ya mchezo wetu wenyewe yajibu. Katika mfululizo mkuu wa Pokémon, mchezaji alipewa uwezo wa kumchagua shujaa msichana kwa mara ya kwanza katika toleo la Crystal, lililotoka Japani Desemba 2000. Uwezo wa kuchagua rangi ya ngozi ya shujaa ulikuja na matoleo ya X na Y mwaka 2013, miaka 17 baada ya mwanzo. Mtoto aliyeanza kucheza akiwa na miaka minane alikuwa na miaka 25 aliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kufanana na shujaa wake. Wabadilishaji hawakuwa na sababu ya kungoja, na zaidi ya hayo waliweza kurudi katika mchezo wa kwanza kabisa na kuurekebisha huko.

Mwaka huohuo wa 2013, habari za mtengenezaji mmoja wa michezo nchini Marekani zilienea. Binti yake wa miaka mitatu alitaka kujua kwa nini katika mchezo wa zamani wa Donkey Kong hawezi kuwa yule mwanamke anayemwokoa mwanamume, badala ya kuwa wa kuokolewa tu. Baba hakumpa hotuba. Alikesha akizichora upya baiti, na kulipokucha mwanamke ndiye aliyekuwa akiruka mapipa huku mwanamume akingoja juu kuokolewa. Mchezo huo ulikuwa wa mashine ya nyumbani, si ya mkononi, lakini kanuni ni hii tuliyoieleza: vigae vya nane kwa nane na biti mbili kwa kila nukta.

Kiraka

Baada ya kubadili mchezo, mtu angependa wengine wafaidi kazi yake. Lakini hawezi kuugawa mchezo mzima, kwa kuwa si mali yake. Wabadilishaji hutumia njia ambayo jina lake la Kiswahili lafaa sana: kiraka. Kiraka ni faili dogo lenye tofauti tu kati ya mchezo wa asili na ule uliobadilishwa.

Mfumo wa zamani na mashuhuri zaidi huitwa IPS. Faili lake huanza kwa herufi tano za kulitambulisha. Kisha kwa kila badiliko huandikwa baiti tatu za kueleza mahali, baiti mbili za kueleza urefu, na halafu baiti mpya zenyewe. Mwisho kabisa huwekwa herufi tatu za kufunga. Tufanye hesabu kwa shujaa wetu: 5, na 3, na 2, na 384, na 3, jumla baiti 397. Kumpa shujaa sura mpya kwahitaji faili fupi kuliko aya hii unayoisoma. Mwenye kaseti yake halali hukishona kiraka katika nakala yake, na shujaa mpya hutokea.

Kasoro ya mfumo huo ni kwamba haukagui kama kiraka kinashonwa katika nguo iliyokusudiwa. Toleo la mchezo likiwa jingine, baiti huangukia mahali pasipo pao na kuharibu visivyohusika. Mifumo ya baadaye, kama BPS, huambatanisha namba ya kuhakikisha iliyokokotolewa kutoka katika faili la asili, na namba zisipolingana kazi husimamishwa.

Sheria na adabu

Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nchini Kenya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hulinda programu za kompyuta kama zinavyolinda vitabu. Kunakili mchezo mzima na kuugawa au kuuza ni kosa, hata kama shujaa amebadilishwa kofia. Kuhusu kiraka chenyewe mambo hayako wazi kiasi hicho, na mahakama za Marekani zimeonyesha pande mbili. Mwaka 1992 mahakama ya rufani iliamua kwamba kifaa kilichoitwa Game Genie, kilichobadili tabia za michezo ya Nintendo wakati ikichezwa, hakikuunda kazi mpya iliyotokana na ya mwenyewe, na kwa hiyo hakikuvunja haki yake. Mwaka 1998 mahakama hiyohiyo iliizuia kampuni iliyokusanya na kuuza hatua mpya za mchezo wa Duke Nukem 3D zilizotungwa na wachezaji, ingawa mafaili yaliyouzwa hayakuwa na picha za mchezo ule. Asidhani mtu, basi, kwamba kiraka ni kinga ya kila jambo. Aliyejirekebishia na aliyefanya biashara kwa jasho la mwingine hawatazamwi kwa jicho moja.

Pia si kila badiliko ni la heshima. Uwezo uleule unaomfanya msichana kuwa shujaa hutumiwa na wengine kumvua mhusika nguo au kuwakejeli watu wa kabila fulani. Chombo hakina adabu. Adabu huletwa na mwenye kukitumia.

Hitimisho

Watoto wetu leo hushinda na simu zilizo na nguvu mara maelfu kuliko Game Boy, lakini simu hizo hazigeuziki ndani nje kwa urahisi. Hatari ni kwamba kizazi kizima kitazoea kuiona kompyuta kama kitu cha kupokea, kisicho na mshono wa kufumua. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa chombo hiki cha mwaka 1989. Kinatosha kueleweka chote na mtu mmoja, na kinamfundisha kwamba picha iliyo mbele yake iliamuliwa na mtu mwingine, na yaweza kuamuliwa tena.

Mwalimu wa hesabu hahitaji maabara ili kuanza. Daftari la miraba na penseli vyatosha. Mwanafunzi achore mraba wa nane kwa nane, ajaze uso wa mtu amjuaye kwa namba 0, 1, 2 na 3, kisha auandike kila mstari kwa baiti mbili kama tulivyofanya hapo juu. Atapata namba 16, kila moja kati ya 0 na 255. Ampe jirani yake namba hizo bila kumwonyesha picha, na jirani aichore. Sura ya bibi ikitokea katika daftari la pili kama ilivyo katika la kwanza, darasa litakuwa limeelewa jinsi kompyuta inavyobeba picha. Isipotokea, wazitafute pamoja nukta zilizokosewa.